Ithungu, wa Tano

Kwetu jina ni hesabu.
Binti wa kwanza Masika, wa pili Biira,
Kabugho, Mbambu, halafu mimi,
Ithungu, ukoko wa sufuria,
niliyefika karo ikiwa imekwisha kuliwa na majina mengine.

Barua ya chuo ililetwa na muuza samaki
ndani ya kavera iliyokuwa na ngege.
Shahada ya uhasibu, Mbarara.
Mama aliisoma kwa pua kwanza, akacheka,
kisha akataka nimsomee tarakimu tu.
Milioni moja na laki nne.
Kwa mwaka?
Kwa muhula, Mama. Mihula sita.
Akalitazama ziwa, si mimi.

Anayelijua ziwa la Katwe anaijua harufu yake,
yai viza lililosahaulika juani.
Pembeni Mama ana vidimbwi vinne vya chumvi,
kuta za udongo na vijiti, urithi wa mamaye.
Humo jua ni kibarua asiyedai ujira,
na mvua ni mwizi tunayemjua kwao.

Tukaanza kutafuta.
Fomu ya mkopo wa serikali iliuliza habari za ardhi,
picha ya nyumba, wadhamini wawili wenye mshahara.
Ukoo wetu mzima una mshahara mmoja,
wa Baluku askari, naye amekopa hadi kiatu.
Kikundi cha akiba cha Jumapili kilitoa laki mbili
na riba yenye meno.
Padri aliahidi sala na elfu thelathini.
Elfu thelathini zilifika.
Mgombea mmoja akapiga picha nami, bahasha katikati yetu,
watu wakapiga makofi hadi vumbi likainuka.
Nilipoifungua nyumbani
ilikuwa kalenda, yeye akitabasamu miezi kumi na miwili.

Basi Mama akauza kidimbwi kimoja,
kile kirefu, cha upande wa jua la asubuhi.
Sikwenda kushuhudia. Niliosha vyombo
vilivyokwisha oshwa.

Usiku ule Masika akafika kutoka Bwera,
anakouza maturubai mpakani.
Akafungua fundo la kitenge kwa meno:
laki tatu, noti zimelegea kama majani ya maboga.
Hakusema soma kwa bidii.
Alisema, "Mimi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni,
nikatolewa senia tu.
Usinishukuru. Nakudai."
"Unanidai nini, dada?"
"Bado sijui."
Akalala bila kula.

Novemba mvua ikaingia vidimbwini,
ikalamba chumvi ya miezi miwili kwa usiku mmoja.
Mama alinipigia simu kunieleza habari za mbuzi.
Mbuzi, mbuzi, mbuzi. Nikaelewa.

Huku kibali cha mtihani hakitoki mpaka salio liwe sifuri,
nami nilibakiza laki tatu na elfu themanini.
Nikafua mashuka ya watu. Nikasuka.
Vichwa kumi na tisa bwenini, vidole vikavimba
mpaka kalamu ikawa inanishika yenyewe.
Kichwa cha ishirini kilikuwa cha karani wa karo.
Alikaa kimya katikati ya magoti yangu saa nne nzima.
Alilipa kwa siku tatu za ziada,
na siku ya tatu, saa kumi kasoro dakika mbili,
nikafika dirishani kwake na sarafu za mwisho.
Alizihesabu mara mbili. Nywele zilimpendeza.

Swali la kwanza la mtihani:
Andaa mizania ya biashara yoyote unayoifahamu.
Nikachora mstari katikati ya ukurasa.
Upande wa mali: vidimbwi vitatu, vyenye maji ya mvua.
Upande wa madeni: kikundi cha Jumapili, laki mbili na riba.
Chini yake nikaandika: Masika.
Mbele ya jina, mahali pa kiasi,
kalamu ikasimama muda mrefu.

Karatasi ilirudi na wino mwekundu:
Pande hazilingani.

Kweli, hazilingani.
Nimeitunza ndani ya ile kavera.
Bado inanuka ngege.