Saa Saba Mchana, Njia ya Mpunguzi

Lilizima bila kukohoa.
Kama mtu aliyekumbuka jambo katikati ya maneno
akanyamaza.
Nikaliacha lijikokote hadi ukingoni,
nyuma kreti thelathini na mbili za zabibu,
na jua la Dodoma limekaa juu ya turubai
kama mdai.

Ufunguo: kha-kha-kha-kha. Linazunguka, haliwaki.

Wa kwanza kusimama, kijana wa bodaboda:
"Betri hiyo, mama."
Betri iliyokufa, starta ingeimba hivi?
Wa pili, utingo wa lori la mchanga, hakushuka hata.
"Umeuziwa mafuta yenye maji!"
akapotea na vumbi lake.
Shemeji, kwenye simu, hakuuliza limezimaje:
"Nilikwambia uliuze. Hilo ni jeneza la Chilongani."

Jeneza. Haya.

Nikafungua boneti.
Chilongani alikuwa mchache wa maneno hata kwenye mapenzi,
ila mbele ya injini ulimi ulimfunguka.
Usimpige mgonjwa kabla hujamhoji, alisema.
Muulize: umekula?
Muulize: una moto?
Mengine ni porojo za gereji.

Nikahoji.
Kikombe cha chujio kimejaa, hakina tope.
Nikasukuma mkono wa kabureta, ikatema petroli,
harufu ikanipanda hadi machoni.
Amekula.

Nikachomoa waya wa plagi ya kwanza,
nikautegesha karibu na chuma, umbali wa punje ya uwele,
nikamwita mchunga mbuzi aliyekuwa akinitazama tangu mwanzo,
Masinga, kandambili moja nyekundu, moja bluu.
"Geuza ufunguo. Ukiona nimeruka, acha."
Akageuza.
Nikaingoja cheche.
Hakuna. Giza tupu, saa saba mchana.

Platini nilizipiga msasa Jumapili. Kondensa ni mpya.
Mkono ukaenda wenyewe kwenye koili,
ukarudi haraka kuliko ulivyokwenda.

Kumbe.
Asubuhi linawaka kwa pigo moja. Jioni linawaka.
Linakufa mchana tu, likiwa na mzigo, kwenye mwinuko.
Mara tatu mwezi huu nimeliita kisirani.
Na mle ndani ni waya, mwembamba kuliko uzi wa cherehani:
ukipata joto unaachana,
ukipoa unashikana tena
kama hapakuwa na neno.

Nami nimewahi kuzima hivyo.
Baada ya arobaini, sokoni Majengo, mkono juu ya fungu la nyanya,
nikasimama tu.
Mmoja akasema presha, mwingine akasema njaa,
mwingine akataja jina la jirani yangu kwa sauti ya chini.
Hakuna aliyenigusa aone nina joto.

Nilikuwa na chupa moja ya maji ya kunywa.
Nikachana upindo wa kitenge, nikaulowesha,
nikaifunga koili kama paji la mtoto mwenye homa.
Masinga akanywa nusu. Mimi robo. Robo ikaenda kwa Pijo.
Nyuma, kreti za chini zilianza kuchuruzika;
nyuki walifika kabla ya mnunuzi.

Dakika ishirini na tano. Kitambaa kikakauka mara mbili.
"Geuza."
Tak! Cheche ya samawati, kavu, ikaniruka kidoleni.
Nikapiga kelele, Masinga akaacha ufunguo, akacheka
kana kwamba yeye ndiye aliyelitengeneza.
Na pengine ndiye.
Nikampa kichala, kile ambacho nyuki hawakukiona.

Mjini, mnunuzi alikata kilo kumi na nane.
"Zimelia njiani hizi," alisema.
Sikubishana.
Nilimuuliza tu, duka gani lina koili ya Pijo, ile ya zamani.
Akachungulia nje, akalitazama, akanitazama.
"Hilo bado unalo tu, mama?"

Nje lilikuwa likiunguruma, mlango wazi.
Sikuthubutu kulizima.