Goti la Nani

Afisa alikuja na karatasi ya maswali,
viatu vyake vingali vyeupe.
"Kuanzia moja hadi tano," akauliza,
"ustahimilivu wenu ni ngapi?"

Rispa Akoko hakumjibu kwa namba.
Alimpeleka ukutani:
"Mstari huu wa makaa, mwaka niliojifungua Adera.
Huu, mbuzi walilala juu ya meza.
Na huu wa Mei, wenye kiganja cha tope,
ndipo niliposhika nikivuka na gunia la mpunga kichwani.
Nyando haibishi hodi."

Ramani yake ilisema choo cha shule
kiinuliwe hadi gotini.
"Goti la nani?"

Tulicheka, wanachama ishirini na wawili,
sisi tuliokwisha kuhamishia vifaranga darini,
tuliopanda nduma pale mahindi yalipooza,
tuliochanga hamsini hamsini tukanunua mtumbwi
ambao kiangazi hulala kifudifudi
kuku wakitaga chini yake.

Afisa hakucheka. Alivua viatu,
akaegemea ukuta, akajipima.
Mei ilimfika kifuani.
Akalifuta goti kwenye karatasi.

Saruji ilifika Septemba, nusu ya iliyoahidiwa.
Nusu nyingine tuliifuata Ahero
mara tatu, tukiwa na barua.
Ngazi kumi na moja: nilizihesabu nikibeba kokoto.
Watoto wanalalamika,
hasa wenye haraka.

Leo asubuhi mto umepanda ngazi ya sita.
Rispa anatafuta kaa la kuchorea.