Kidole Gumba

Dodong, umeniuliza kazi huku hupatikanaje,
kana kwamba upo mlango, na mimi nimeficha ufunguo.
Sikiliza basi. Nakuandikia nimekalia mtungi mtupu
gatini Xlendi, mikono inanuka mpira na chumvi.

Nilituma barua sitini na moja.
Misri ikanyamaza. Thailand wakanijibu kwa adabu:
njoo ufanye bure miezi mitatu,
utalala stoo, utapata uzoefu.
Uzoefu!
Mbizi elfu mbili na mia nne zimo daftarini mwangu,
kila moja na muhuri wake, kina chake, dakika zake,
halafu mtu aje aniuzie uzoefu.

Hawaulizi umefika kina gani, mdogo wangu.
Wanauliza, Kijerumani unakijua?
Wanauliza, injini ya boti ikigoma utafanyaje?
Wanauliza bima. Wanauliza pasipoti yako ni ya rangi gani,
ingawa hili la mwisho hawaliulizi kwa mdomo.

Nikauza pikipiki (mwambie Tatay, nimechoka kuficha),
nikaja Malta, mzamiaji mwenye viza ya siku tisini,
nikakizunguka kisiwa cha Gozo na begi mgongoni
duka kwa duka, kuanzia Marsalforn hadi huku.
Wiki tatu. Mkate na zeituni,
zeituni na mkate.

Siku ya ishirini na mbili nikamkuta mzee Ċensu
amepiga magoti mbele ya kompresa
akiilaani kwa majina ya watakatifu wote wa parokia.
Ilikuwa inakohoa. Kikohozi kile nakijua:
ya mjomba Isko kule Moalboal ilikohoa vivyo hivyo
mpaka tulipoifungua tukakuta vali imekula pete yake.
Sikusema kitu. Niliomba spana, namba kumi na tatu.

Adhuhuri mitungi kumi na miwili ilikuwa imejaa,
nami nimejaa grisi hadi kwenye nyusi.
Akasoma geji. Akanitazama.
Akainua kidole gumba.

Wewe wajua kidole hicho husemaje chini kule.
Hakisemi vizuri. Kinasema: basi, imekwisha, tupande.
Nikafuta mikono. Nikatwaa begi. Nikaaga.
Nilikwisha kufika ngazi ya tatu
mkewe, Ġiża, aliponikimbilia na taulo begani:
"Unakwenda wapi wewe? Si amekwambia ndiyo!"

Duka lilikuwa la marehemu kaka yake.
Miaka sitini na minane kando ya bahari
na Ċensu hajawahi kulowesha masikio.

Mshahara? Kwa kichwa. Wageni wakija, tunakula;
bahari ikichafuka, napanga mapezi kwa saizi,
kisha nayapanga tena kwa rangi.
Kibali kilikawia hadi nikajua jina la karani,
na la mbwa wa karani.
Oktoba tunafunga. Baada ya hapo, sijui.

Jana nilimshusha mjane wa Bremen, Helmtrud,
ana miaka sabini na mmoja. Mita ya tisa akanishika mkono
na hakuuachia tena.
Tulimtazama pweza akihamisha mawe,
moja, akapumzika, la pili, akapumzika,
anajijengea mlango wa pango lake.
Sijui tulikaa pale muda gani. Geji ilijua.
Helmtrud alipochoka akainua kidole gumba,
nami nikacheka mpaka maji yakaingia kwenye miwani.

Kwa hiyo barua acha.
Jifunze Kijerumani, hata cha kuhesabia tu.
Kaa na mjomba Isko, mshikie tochi, usimsemeshe.
Na ukija, uje na spana namba kumi na tatu.
Ya Ċensu nimeidondosha majini,
na bado hajajua.