Unga Usiovutika

Nesi Ndahani alichora mstari mwekundu
kwenye kadi ya kliniki ya mama:
ngano, basi. Sukari, basi. Soda, hata ya msibani, basi.
Mama akaitazama ile kadi kama hati ya kiwanja
iliyoandikwa jina la mtu mwingine.
Hakusema kitu mpaka tulipofika Nkuhungu,
akiwa ameshika funguo, ndipo akauliza:
"Na Jumapili?"

Maana Jumapili kwetu ni chapati.
Tangu baba yu hai, tangu tuhamie mjini
na nusu gunia la uwele na kuku mwenye jicho moja.

Dada yangu Foibe akatuma mfuko wa oti kutoka Arusha,
chini ya kiti cha kondakta.
"Saga, changanya na maji, kanda, sukuma."
Vitenzi vinne. Foibe hajawahi kukanda kitu.

Mashineni walinikatalia.
"Kilo moja? Ya chakula cha farasi? Itaishia kwenye mawe."
Nikatwanga.
Mwanaume wa miaka arobaini na moja, kinu katikati ya ua,
wenye ndoo kwenye foleni ya maji wakihesabu mapigo.
Upepo wa Agosti, huu wetu usiojua hodi,
ukachukua fungu lake,
ukampaka mbuzi wa jirani poda.

Nikakanda kwa maji ya ndoo.
Nikasukuma kwa chupa tupu ya divai.
("Ya nani hiyo?" "Niliiokota, mama." "Na kizibo chake?")
Ikapasuka. Nikaikusanya, ikapasuka tena,
nyufa zilezile za mbuga ya Bahi mwezi wa kumi.
Nikaongeza maji, ikawa uji.
Nikaongeza unga, ikawa mchanga.
Kikaangoni vikabaki vipande saba,
kila kimoja na ukaidi wake.

Nikasema neno ambalo sitaliandika.

Mama alikuwa kwenye kigoda, mlangoni.
Macho yake siku hizi yanaona umbo tu,
kinachobaki anakimalizia kwa masikio.
"Lete," akasema.
Akausugua unga kati ya vidole viwili
kama afanyavyo na kitambaa dukani
kabla hajauliza bei. Akanusa. Akacheka kwa pua.

"Hii si ngano, Chedego. Unaibembelezea nini?
Ngano ina mishipa, ukiivuta inakuja.
Hii haina. Hii ni ndugu yake uwele.
Na uwele haubembelezwi.
Unaumwagia maji yanayotokota, unaufunika,
unakaa nao kimya mpaka ukubali."

Miaka ishirini na tatu mjini
sijamsikia akiutaja uwele mbele ya wageni.
Ulikuwa chakula cha kule tulikotoka, cha mwaka ule
ambao hakuna anayeutaja. Sasa mikono yake
ilikuwa imeshaingia sufuriani, ikitafuta mwiko.

Basi tukachemsha. Chumvi kidogo.
Mvuke ukapanda, akauwekea kiganja
kama mtu anayepima homa ya mtoto.
"Bado."
Nikasubiri.
"Bado, nimesema."

Tulipofunua, donge lilikuwa na uvuguvugu,
laini kama sikio la ndama.
Halikupasuka. Sawa, lilipasuka pembeni kidogo.
Chapati ya kwanza ilitoka na ramani ya wilaya isiyokuwepo.
Ya nne ilikuwa duara, au karibu na duara.
Haina matabaka, haiachi mafuta vidoleni,
inanukia nyasi kavu na karanga
zilizosahauliwa jikoni.

Akaomba mlenda.
"Mama, chapati na mlenda?"
"Kwani nesi alichora mstari kwenye mlenda?"
Hakuchora.

Akakata, akachovya, akainua.
Uzi wa mlenda ukamfuata kutoka bakulini mpaka kidevuni,
mrefu, unang'aa, haukatiki:
mvuto wote niliouhangaikia asubuhi nzima
kumbe ulikuwa umekaa huku.

Alikula mbili. Ya tatu akaifunga kwenye pindo la khanga,
ya Ndahani, ya Jumatatu.
"Aionje," akasema.
"Na aje na kalamu yake."