Karatasi Nambari 114

Karatasi huondoka ofisini nyeupe,
imepimwa, imepewa nambari kwa penseli,
imefunikwa kisahanini kama uji wa mgonjwa.
Naipandisha ngazi ya zahanati, Miritini,
mkono mmoja chumani, mmoja kifuani,
hadi paani, ambako kisanduku cha kaunti
kinavuta pumzi kwa niaba yetu
usiku na mchana, bila kukohoa.

Kesho yake naishusha.
Rangi yake haina jina dukani:
si kijivu, si kahawia, ni rangi ya kola
ya utingo aliyelala siku mbili chini ya lori
akingoja zamu ya kuingia bandarini.

Ofisini kuna mizani isiyotaka mtu acheke karibu.
Ukipiga chafya, inayumba.
Ukibamiza mlango, inanuna hadi adhuhuri.
Hiyo ndiyo iliyonifunza kwamba hewa ina uzito
na uzito wenyewe una wenyewe:
vumbi la klinka, masizi ya dizeli,
jaa linalojiunguza lenyewe,
mafuta ya muuza viazi karai,
na chumvi,
ambayo bahari huirusha tu, haina habari
kwamba imeingia hesabuni
na itanibidi niitoe.

"Sasa hiyo nambari yasema nini?"
aliniuliza Mbeyu, mfagiaji wa zahanati.
Nikamwambia: mikrogramu kadhaa
kwa kila mita moja ya ujazo.
Akapitisha kidole juu ya kizingiti cha dirisha,
akanionyesha ncha yake.
"Hapa nimepafuta alfajiri."
Akachukua ndoo, akaenda zake.

Adui yangu wa kwanza si kiwanda, ni kunguru.
Amependa mdomo wa kifaa,
hutua pale kama karani aliyepewa kiti.
Adui wa pili ni tokeni.

Jumanne ile tokeni ziliisha saa moja asubuhi
na mwenye kuzinunua yuko semina, Kilifi.
Jumanne hiyohiyo jaa lilishika moto kwa dhati,
upepo ukageuka,
moshi ukashuka Miritini na kukaa
kama mgeni asiyesema ataondoka lini.
Kisanduku kilikuwa kimezimika, kimya.
Karatasi nambari 114 ilirudi nyeupe,
nyeupe kuliko zote nilizowahi kushusha.
Ungesema imetoka peponi.

Kwenye jedwali nikaweka kistari.
Kistari kifupi. Ukikitazama utadhani
siku hiyo mtaa mzima ulibana pumzi.
"Pengo ni pengo," akasema mkuu wangu, Bwana Mwachiro.
"Wastani wa mwezi utalimeza."
Na kweli ukalimeza,
wala haukupaliwa.

Wiki iliyofuata, nikitia sahihi mlangoni,
nikafunua daftari la zamu ukurasa mmoja nyuma.
Mwandiko wa Mbeyu, herufi zimesimama wima:

Jumanne. Moshi tangu asubuhi.
Nimetia leso mbichi chini ya mlango
wa chumba cha mashine ya mvuke.
Stima hakuna, mashine haifanyi kazi.
Watoto kumi na mmoja.
Kunguru hawakuja.

Nikaupiga picha ukurasa, nikaupeleka ofisini.
Bwana Mwachiro akausoma mara mbili,
akavua miwani, akaifuta, akaivaa.
"Huyu hajarekebishwa," akasema, "hana hata nambari ya mtengenezaji."
Ni kweli. Mbeyu hana cheti cha usahihi.
Ana kidole, na leso, na macho yanayowasha.
Nimeubana kwa pini nyuma kabisa ya ripoti,
kiambatisho cha mwisho,
baada ya orodha ya vifupisho,
pale ambapo hata mimi huwa sifiki.

Leo nimepanda tena ngazi
na karatasi nambari 121 kifuani.
Stima ipo. Kisanduku kinanguruma.
Na kunguru yupo, juu ya mdomo wa kifaa,
ameinamisha kichwa upande.
Sikumfukuza mara moja.
Nilisimama kwanza, nikamtazama
anavyopumua.