Herufi Moja

Łódź, ghorofa ya nne, Januari.
Kipasha-joto cha chuma kinagugumia ukutani,
chai yenye sharubati ya rasiberi imepoa kando ya kibodi,
na Kwezi analinda lango la kaskazini.

Szpak, ndivyo wanavyomwita mle mchezoni:
kwezi, ndege mweusi mwenye madoa ya nyota,
anayeiga sauti za wengine, yake isijulikane.
Ya huyu hakuna aliyewahi kuisikia.
"Maikrofoni imekufa," huandika. Mwaka wa tatu huu imekufa
na hakuna aliyechanga hata senti ya kuizika.

Kipolandi, msomaji, si kama hiki chetu.
Kule huwezi kusema nilikula, nililala, nilikosea,
bila kitenzi kukuvua nguo hadharani.
E, wewe mwanamume. A, wewe mwanamke.
Herufi moja tu kwenye mkia wa neno,
nyembamba kama uzi unaoingia sindanoni.

Basi Kwezi akajifunza kuishi bila jana.
Nalinda. Nakuja. Tazama kushoto. Moto!
"Mnara umeanguka," aliandika siku alipouangusha,
kana kwamba mnara ulijikwaa wenyewe.
Wakati ujao una mlango wa nyuma, akaupitia huo.
Lakini jana, la.
Timu ya watano, na mmoja wao
hakuwahi kula, hakuwahi kulala, hakuwahi kufiwa:
Novemba, mama yake alipozikwa Zgierz,
aliandika "kuna msiba",
akarudi langoni.

Gniewomir ndiye nahodha,
mdomo wake mrefu kuliko upanga wake.
Wanawake, alisema, wakapambe vyumba katika michezo yao,
na hao wasiojijua ni kina nani wakajichague kwanza nyumbani.
Wenzake walicheka.
Kwezi naye aliandika ha ha ha,
maana kicheko hakina mkia.

Usiku wa fainali, dakika ya arobaini na moja,
wanne wamelala chini. Kwezi peke yake, na maadui watatu.
Mmoja.
Wa pili, kwa shoka la yule wa kwanza.
Wa tatu alikimbia; akamfuata hadi darajani.
Gniewomir alifufuka vita vimekwisha, akahesabu maiti:
"Nani amefanya hivi?"

Vidole vikatua juu ya vitufe, visibonyeze.
Angeweza kuandika: imefanyika.
Angeweza kuandika: bahati.
Akaandika mimi. Akaandika nilifanya,
na mkiani, A.

Tramu ilipita chini, dirisha likatetemeka.
Kisha: "Mdanganyifu. Washa kamera. Tuonyeshe mikono."

Akaiwasha, akaiinamisha ione meza tu.
Mkono wa kuume kwenye kipanya, wa kike kwenye vitufe,
plasta kidoleni, kucha zilizotafunwa.
Cheza, wakamwambia. Akacheza.
Mikono ikafanya inachofanya kila usiku.
Olgierd akatoka bila kuaga.
Nukta tatu za Gniewomir zilicheza, zikazimika, zikacheza tena,
na hadi leo hazijawa neno.
Zenobiusz, ambaye huandika mara moja kwa mwezi, akauliza:
"Duru nyingine? Nina zamu alfajiri."

Nami ninasimulia haya kwa lugha isiyouliza.
Analinda, alishinda, amefiwa:
A yetu ni mlango usio na bawabu,
imempitisha Kwezi, imempitisha na Gniewomir
na mdomo wake wote.
Nilidhani hiyo ni heri tupu. Sasa sina hakika.
Lugha yangu isingemuumbua kamwe,
lakini isingempa herufi ya kuandika
huku mkono ukimtetemeka.

Saa tisa usiku, nje ya mchezo,
alimwandikia Zenobiusz sentensi nzima:
Novemba nilimzika mama.
A ilikuwepo, mahali pake, haikujificha.
Jibu likachelewa, mtu ana zamu.
Pole, lilisema.
Halafu: umekula?
na katika kula huko pia, mkiani,
A.