Deni Ukutani

Fundi Namkuna hakuisalimu nyumba,
aliigonga.
Kwanza kwa kifundo cha kidole, kisha kwa mpini wa nyundo,
sikio kalilaza ukutani kama mkunga juu ya tumbo.
"Hapa mzima," akasema. Hatua mbili.
"Hapa mtupu."
Mimi nilikuwa nahesabu bati zilizobaki:
kumi na nne, na anga.

Kuhusu boriti hakusema kitu.
Alichomeka bisibisi, ikazama hadi mpini,
akaichomoa, akanionyesha unga
laini kama wa muhogo uliotwangwa asubuhi.
Mchwa hawana haraka, alisema baadaye,
lakini hata Ijumaa hawapumziki.

Warithi saba, milioni tisa,
na wa saba yuko Nampula,
simu yake inaita, haipokelewi.
Nikaenda benki Mtwara mjini, kiti cha plastiki,
namba themanini na mbili mkononi.
Kijana akauliza hati.
Nikampa karatasi ya serikali ya mtaa, mhuri wa zambarau.
Akaigeuza nyuma, kana kwamba hati imejificha huko.
"Mama, benki haikopeshi gofu."
Neno gofu alilitamka vizuri sana.

Basi mikorosho ya mama ndiyo iliyonikopesha.
Kilo elfu mbili na mia tatu, ghala la Nanyamba,
stakabadhi nimeifunga pindoni mwa kanga.
Mnada wa kwanza bei nzuri, wa pili ikashuka,
wa tatu nililala, sikutaka kusikia redio.
Kikundi chetu cha Jumamosi kikaongeza milioni mbili,
riba asilimia kumi,
na maneno ya Bi. Asumini, hayo bila riba:
"Umekosa kiwanja Naliendele
mpaka uje Mikindani kununua kaburi la watu?"
Wa Nampula akapokea simu siku ya Alhamisi.
Alitaka laki moja zaidi, ya machozi.
Nikampa.

Tulianza kwa kubomoa ukarabati wa wenzetu.
Mtu alipiga lipu ya saruji juu ya mawe ya matumbawe,
akapaka bluu, akaona amemaliza.
Nyuma ya bluu chumvi ikawa inapanda,
inatafuta pa kutokea.
"Ukuta huu unapumua," alisema Namkuna.
"Ukiuziba pua, utakutolea jasho mgongoni."
Tukaloweka chokaa kwenye mapipa mwezi mzima.
Majirani wakadhani tunapika pombe.

Siku ya kumi na tisa patasi ikasimama.
Chini ya saruji, ngozi ya zamani, rangi ya meno,
na juu yake penseli:
herufi za Kiarabu zikisema Kiswahili.
Hapa palikuwa duka.
Nikasoma kwa alifu zangu chache za chuo,
kidole kikitoka kulia:
*Mkwanda, chumvi pishi moja, kalipa.*
*Binti Chihako, mafuta ya taa, kalipa nusu.*
*Nampoto wa Nanyamba, kaniki mbili, shilingi nne,*
na mbele yake peupe.

Nampoto ni babu yangu, baba wa mama.
Kaniki moja najua alipewa bibi.
Ya pili hatujawahi kuisikia nyumbani.

Nikakaa juu ya ndoo, nikacheka hadi vumbi likanipalia.
Nimenunua ukuta pamoja na madeni yake:
mdai mimi, mdaiwa mimi,
na riba ya miaka sabini sijui imfuate nani.
"Nipige lipu?" Namkuna akauliza.
Kote, nikamwambia.
Hapa niachie, upana wa sinia.

Sasa bati ni mpya upande mmoja,
upande wa pili turubai, hadi korosho za mwakani.
Mvua ikija nalala kwenye bati
na kusikiliza turubai likijipiga makofi.
Kikundi kinanidai marejesho manne.

Jumamosi Bi. Asumini alikuja kukusanya.
Alipapasa ukuta, hakusema kaburi,
akasogeza uso kwenye penseli, nikamsomea.
Akawa anavaa viatu, kimoja, akasita:
nyanya yake, alisema, aliitwa Binti Chihako,
na nyumba yao hawakuwa na deni na mtu.
Nikamwambia: nusu bado.